Invoisi iliyobaki kwenye simu: kisa cha kazi mseto katika kampuni ya uwakala wa forodha, Dar es Salaam

Kampuni sitaitaja. Inagomboa mizigo ya watu katika bandari ya Dar es Salaam na ofisi yake iko katikati ya jiji. Kwa ukubwa ni ya kati: imeshavuka enzi za mkoba mmoja na simu mbili, ila haijafika kwenye kumiliki magari na bandari kavu (yadi ya makontena nje ya bandari). Nimebadilisha aina ya mzigo, idadi za watu na mitaa wanakoishi wahusika. Mpangilio wa matukio nimeuacha kama nilivyousikia na kuukuta. Mimi niliitwa Juni 2025 kama mshauri wa mambo ya ajira, mwezi wa nne tangu mpango wa kazi mseto (siku nyingine ofisini, nyingine nyumbani) uanze, na ushauri wangu mmoja ulikuwa mbovu. Nitaueleza mahali pake.

Kampuni na kazi yake

Wafanyakazi 41. Kumi na mmoja ni watu wa deklaresheni: wanapokea nyaraka za mteja (hati ya shehena, invoisi, orodha ya vifurushi, vibali), wanaainisha bidhaa kwa kitabu cha ushuru cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, wanaandaa tamko la forodha na kulituma kwenye mfumo. Wanane wako uhasibu na huduma kwa wateja. Kumi na saba ni vijana wa bandarini, ambao wengine si vijana tena. Mmoja ana wajukuu. Waliobaki ni madereva, mapokezi na usafi.

Mfumo wa forodha uko mtandaoni miaka mingi sasa. Mtu wa deklaresheni akiwa na kompyuta na intaneti anaweza kutuma tamko akiwa Posta katikati ya jiji au Chanika pembezoni, mfumo haujali. Kijana wa bandarini hana bahati hiyo. Lazima asimame kaunta ya wakala wa meli, lazima awepo kontena likifunguliwa kukaguliwa, lazima awe getini lori likitoka. Kwa hiyo tangu mwanzo kampuni hii ilikuwa na watu 19 wanaoweza kufanyia kazi nyumbani na 22 wasioweza. Hesabu hiyo haikuandikwa popote hadi mambo yalipoharibika.

Chumba cha deklaresheni kinastahili maelezo zaidi. Meza kumi na moja, safu mbili zinazotazamana, na katikati njia ya kupita mtu mmoja kwa ubavu. Mwishoni, karibu na dirisha, alikaa mama mmoja mwenye zaidi ya miaka 20 kwenye kazi hii. Nitamwita Mama Sura, kwa sababu sura za kitabu cha ushuru anazijua kichwani. Pampu ya maji ni namba 8413, paneli ya jua ni 8541, na kati ya hizo mbili pesa ya mteja inaweza kupanda au kushuka, maana ushuru wa pamoja wa forodha tangu Julai 2022 una ngazi nne: sifuri, asilimia 10, 25 na 35. Ubishi juu ya bidhaa iingie wapi ulimalizwa kwa mtu kuinua kichwa na kuuliza, "Mama, hii tunaitia wapi?" Naye alijibu bila kugeuka. Vijana wanne katika chumba kile walijifunza kazi kwa kusikiliza majibu ya maswali ambayo hawakuyauliza wao.

Uamuzi ulivyofikiwa

Mkurugenzi alikuwa mgumu. Kila mtu alipogusia kufanyia kazi nyumbani alikumbusha Mei 2024, nyaya za chini ya bahari zilipokatika na intaneti ikasuasua nchi nzima: "Siku ile mngekuwa nyumbani mngenitumia matamko kwa njiwa?" (Hata ofisini siku ile hayakutumwa kwa wakati, lakini hilo hakulisema.)

Kilichomlainisha ni mkutano wa wakuu wa nchi za Afrika kuhusu nishati, Januari 27 na 28, 2025. Barabara kadhaa za katikati ya jiji zilifungwa, na serikali ikaelekeza watumishi wake wa Dar es Salaam wafanyie kazi nyumbani, isipokuwa wale ambao majukumu yao yanawalazimu kuwepo. Ofisi ya kampuni iko upande uleule. Mkurugenzi akawaambia watu wabaki makwao na kompyuta zao. Siku mbili zikapita, hakuna mteja aliyepiga kelele. Akasema, kumbe inawezekana.

Mwezi uliofuata mkataba wa pango ulikuwa unaisha. Kampuni ilikuwa na nusu mbili za ghorofa moja, kodi ilikuwa imehesabiwa kwa dola, na shilingi ilikuwa imewatesa mwaka uliotangulia. Mkurugenzi alichukua daftari, akapiga hesabu ya kurudisha nusu moja. Meza za deklaresheni na uhasibu zikapungua kutoka 19 hadi 12. Kila mmoja wa wale 19 akaambiwa achague siku mbili za kukaa nyumbani kwa wiki. Atapewa posho ya bando, shilingi 30,000 kwa mwezi. Mpango ukaanza Machi 3.

Hapo palikuwa na maamuzi matatu, na sababu zake zilieleweka. Nusu ya ofisi ilirudishwa kwa sababu ya kodi. Watu waliachiwa wachague siku ili waupokee mpango kwa moyo mweupe, na wakaupokea hivyo. Posho ikawekwa kwenye bando tu kwa sababu bando ndilo lililotajwa kwenye kikao. Umeme haukutajwa na mtu.

Miezi mitatu ya mwanzo

Nianze na faida, maana zilikuwa kubwa kuliko wengi walivyotarajia.

Mhasibu mmoja anaishi njia ya Kibaha. Alikuwa akiamka saa kumi alfajiri ili saa moja na nusu awe mezani, na akirudi saa mbili usiku mtoto ameshalala. Siku zake mbili za nyumbani ndizo alizonieleza kwa sauti ya mtu aliyeponywa. Dada wa huduma kwa wateja, aliyekuwa amerudi kutoka likizo ya uzazi na barua ya kuacha kazi imeandikwa tayari kwenye simu, aliifuta. Sheria inampa mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku, lakini saa mbili hizo zina maana gani kama mtoto yuko Bunju na wewe uko Posta?

Kazi yenyewe nayo ilipata nafuu ya aina fulani. Matamko marefu, yale ya kontena lenye bidhaa 60 tofauti, yalitoka haraka zaidi yakiandaliwa nyumbani, kwa sababu ofisini mtu huvutwa shati kila dakika kumi. Wengine wakagundua kuwa saa tatu usiku mfumo ni mwepesi, wakawa wanatuma wakati huo. Mkurugenzi alifurahi. Mimi nilipoiona ile orodha ya saa za kutuma nilishtuka, na nitarudi hapo.

Maumivu madogo yalikuja kimyakimya. Karibu watu wote walichagua Jumatatu na Ijumaa. Jumanne hadi Alhamisi karibu watu wote 19 wanagombea meza 12, wengine wamekaa kwenye kiti cha wageni na kompyuta mapajani. Ijumaa chumba kina watu wanne na feni inazunguka bure. Msimamizi wa deklaresheni, kwa kuogopa kuonekana hasimamii, akaanzisha utaratibu wa kila aliye nyumbani kutuma picha ya kompyuta yake saa mbili asubuhi kwenye kundi la WhatsApp. Wiki ya tatu mtu mmoja akagundua kwamba kikombe cha chai kwenye picha za mwenzake kila siku kimejaa hadi alama ileile. Picha ilikuwa moja, inatumwa upya.

Na huko nyumbani kwenyewe mambo hayakuwa kama watu walivyodhani. Mama Sura aliniambia jinsi jirani alivyomwachia mtoto "kwa dakika tano tu, si upo tu hapo," na fundi wa maji akaelekezwa kwake na nyumba tatu. Mwanaume akikaa mlangoni na kompyuta mtaani wanasema anafanya kazi. Yeye alionekana amepumzika. Siku mama mkwe wake alipokuja kumtembelea, alifunga kompyuta saa nne asubuhi akaifungua saa tatu usiku.

Kijana mmoja wa deklaresheni anapanga chumba kimoja. "Meza yangu ni stuli," alisema, "na kiti changu ni kitanda. Ukikaa kitandani kwa muda wa saa tisa na kompyuta, jioni mgongo unakuambia ulikuwa wapi." Luku, umeme wa kulipia kabla, ikiisha ananunua yeye. Bando la ofisi lilimfikisha tarehe 17 au 18 ya mwezi.

Kontena la pampu

Mwishoni mwa Mei. Mteja wa mkoani, wa siku nyingi, kaleta kontena la futi 40 lenye pampu za maji na paneli za jua. Jumatano Mama Sura akiwa ofisini aliandaa tamko. Akaona invoisi inasema pampu 180, orodha ya vifurushi inasema 150. Akampigia mteja amwambie muuzaji arekebishe. Jalada akaliacha kwenye folda ya pamoja likiwa limekamilika kwa kila kitu isipokuwa hilo moja, na hilo moja lilikuwa kichwani mwake.

Alhamisi na Ijumaa ni siku zake za nyumbani. Alhamisi saa kumi jioni mteja akatuma invoisi mpya: pampu zimepungua, paneli zimeongezeka. Aliituma kwenye namba ya Mama Sura mwenyewe, kwa sababu ndiyo namba aliyonayo kwa miaka tisa. Mama Sura akaiona, akaandika kwenye daftari lake "pampu, badili kesho asubuhi." Usiku umeme ukakatika mtaani kwake. Simu ilikuwa na chaji kidogo, ikazimika. Umeme ulirudi Ijumaa karibu saa sita mchana.

Ijumaa hiyo saa mbili asubuhi mteja alipiga ofisini. Mapokezi wakampa kijana wa deklaresheni aliyekuwa zamu. "Mzigo wangu umefikia wapi? Invoisi nimeshatuma." Kijana akafungua folda, akakuta invoisi, orodha, hati ya shehena, vyote vipo. Akajibu kwa haki kabisa: "Ndiyo mzee, ipo." Mteja alikuwa anasema ya pili. Kijana alikuwa anaangalia ya kwanza. Akampigia Mama Sura mara mbili, hapatikani. Msimamizi akamkumbusha kwamba siku za bure za kontena, zile za kabla tozo hazijaanza, zinakwenda. Akatuma tamko. Ushuru ukakadiriwa, namba ya malipo ikatoka, mteja akalipa siku hiyohiyo.

Jumatatu kontena likafunguliwa bandari kavu kwa ukaguzi. Kijana wa bandarini aliyekuwepo alinisimulia mazungumzo haya huku akiigiza sauti zote mbili:

"Shikamoo mama. Hapa pampu hazifiki idadi. Paneli zimezidi."

"Marahaba mwanangu. Zimezidi kwa sababu invoisi ilibadilika."

"Ilibadilika lini?"

"Alhamisi. Hii hapa ninayo."

"Unayo wapi, mama?"

"Kwenye simu."

Anasema aliiondoa simu sikioni, akaitazama, kisha akamtazama afisa aliyekuwa anasubiri na karatasi mkononi.

Yaliyofuata kila wakala anayajua: barua ya maelezo, marekebisho ya tamko, ukadiriaji upya, mteja kuitwa aeleze kwa nini kuna invoisi mbili. Kontena lilitoka siku nane baada ya lilivyopaswa kutoka. Tozo ya kuhifadhi mzigo na ile ya wenye meli kwa kuchelewesha kontena zilikula faida ya jalada hilo na ya mengine mawili. Mteja alikataa kulipa hata senti, na sijui mtu anayeweza kumlaumu.

Kikao cha baadaye kilichukua saa mbili, na muda wote mkurugenzi alikuwa anatafuta aliyekosea. Hakumpata. Mama Sura aligundua tofauti, akaomba marekebisho, akaandika kumbukumbu. Kijana alikuta jalada limekamilika, akampigia mwenye jalada, akafuata agizo la msimamizi. Msimamizi alilinda siku za bure. Mteja alituma karatasi sahihi kwa mtu sahihi. Miezi mitatu kabla, Mama Sura angekuwa hatua mbili kutoka kwa yule kijana, angesema "hiyo usiitume, invoisi imebadilika," na jambo lingeishia hapo bila mtu kukumbuka kwamba liliwahi kutokea.

Tulichobadilisha

Hapa ndipo nilipoitwa. Ushauri wangu wa kwanza ulikuwa nyaraka zote za wateja zije kwa barua pepe moja ya ofisi, WhatsApp ipigwe marufuku. Kwenye karatasi ulipendeza. Pia kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na kampuni yenye nakala za pasipoti na namba za mlipakodi za watu zikizagaa kwenye simu binafsi za wafanyakazi 19 haina usingizi. Lakini wateja wa Kariakoo hawatumi barua pepe. Wanapiga picha karatasi ikiwa juu ya boneti ya gari na kuituma. Wiki ya pili wateja wawili walipeleka mizigo kwa wakala mwingine. Mkurugenzi alinipigia simu, na maneno yake siyaandiki hapa.

Tukarudi nyuma. Ofisi ikanunua simu mbili, namba mbili za kampuni, na watu wa deklaresheni wakatumia mwezi mzima kuwaambia wateja mmojammoja: tuma huku, mimi nitaiona. Mama Sura alikuwa wa mwisho kukubali. Namba yake ilikuwa heshima yake, wateja wa miaka tisa walikuwa wake. Alikubali baada ya kuandikwa jina lake kwenye ujumbe wa kukaribisha wateja wa namba ile mpya, jambo dogo ambalo msimamizi ndiye aliyelibuni.

Kila jalada likapata mstari wake kwenye jedwali la pamoja, na katika mstari huo kuna safu mbili zilizoleta tofauti kuliko nyingine zote: "mwenye jalada leo" na "kinachosubiriwa." Tamko halitumwi kama safu ya pili ina neno lolote ndani yake. Anayetoka ofisini kwenda siku zake za nyumbani anakabidhi majalada kwa sauti, simu au ana kwa ana, na aliyepokea anaandika jina lake mwenyewe. Asiandikiwe.

Siku za nyumbani hazikuachwa tena kwa kila mtu na moyo wake. Jumanne na Alhamisi watu wote wa deklaresheni wanakuwa ofisini. Uhasibu na huduma kwa wateja wakapewa siku nyingine, ili meza 12 zitoshe. Picha za kompyuta zikafutwa. Mikataba ikaongezewa ukurasa, maana Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka maelezo ya maandishi yataje mahali pa kazi na saa za kazi, na mabadiliko yake yafanywe kwa kushauriana na mfanyakazi. Miezi minne watu walikuwa wanafanyia kazi mahali ambapo mikataba yao haipatambui.

Na zile saa tatu za usiku. Sheria hiyohiyo inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, saa 9 kwa siku, na ziada isiyozidi saa 50 katika mzunguko wa wiki nne, ikilipwa si chini ya mara moja na nusu. Hakuna aliyekuwa anazihesabu. Mtu alianza saa mbili asubuhi na tamko lake la mwisho lina muhuri wa mfumo wa saa nne usiku. Katikati huenda alipika, huenda alilala. Lakini kampuni haikuwa na namna ya kujua, na mbele ya msuluhishi wa migogoro ya kazi kumbukumbu za mfumo zingesomeka vibaya sana. Tulikubaliana: baada ya saa kumi na mbili jioni anatuma aliyepangiwa zamu, na zamu inalipwa.

Matokeo hadi Septemba

Kuanzia katikati ya Julai hadi nilipomaliza kazi yangu mwishoni mwa Septemba hakuna jalada lililotumwa na nyaraka iliyopitwa na wakati. Mawili yalikaribia, yote mawili yalinaswa na safu ya "kinachosubiriwa."

Kati ya watu 19, sita waliomba kurudi ofisini siku zote. Watano kati yao ni vijana wanaopanga chumba kimoja au wanaoishi nyumba ya ukoo. Wa sita ni Mama Sura, ambaye alisema amechoka kuwa mlinzi wa mtaa.

Akiba ya mkurugenzi ilibaki, ila chini ya nusu ya ile aliyoiandika kwenye daftari. Kompyuta mpakato mpya, simu, betri za akiba, posho (iliyopandishwa ikajumuisha umeme) na lile kontena vilikula nyingine. Alinionyesha ukurasa wenyewe. Upande wa kushoto kodi ya nusu ghorofa, upande wa kulia bando. Mistari miwili tu.

Uchambuzi

Jaribio la Januari lilidanganya. Siku zile mbili jiji zima lilikuwa limepunguza mwendo, wateja hawakutarajia kitu, na wafanyakazi wote walikuwa nyumbani kwa pamoja. Wote wakiwa mbali, kila mtu anajua kwamba hakuna aliyesikia chochote, kwa hiyo kila kitu kinaandikwa. Ugumu wa mseto unaanzia pale nusu wanapokuwa chumbani. Walio chumbani wanaamini jambo limeshasemwa, na walio nyumbani hawana habari kwamba kuna jambo. Yule kijana wa Ijumaa angekuwa nyumbani naye, nina hakika angeuliza kwenye kundi kabla ya kutuma.

Kurudisha nusu ya ofisi kabla ya kujua watu wanakaa wapi siku gani lilikuwa kosa la mpangilio, na ndilo lililofanya mengine yawe magumu kurekebisha. Mkataba wa pango ukishasainiwa huwezi kusema turudi kidogo.

Faida ya kubakiza watu ni ya kweli. Mwaka 2024 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Nicholas Bloom, Ruobing Han na James Liang uliofanywa kwa wafanyakazi 1,612 wa kampuni ya Trip.com huko China: waliofanyia kazi nyumbani siku mbili kwa wiki waliacha kazi kwa kiwango kilichopungua kwa theluthi moja, na tathmini za utendaji na upandishaji vyeo havikutofautiana na vya wenzao. Nafuu ilikuwa kubwa hasa kwa wanawake na kwa wanaosafiri mbali kwenda kazini. Mhasibu wa Kibaha na dada wa Bunju wangejikuta humo. Ila wale walikuwa wahitimu wa vyuo katika kazi kama uhandisi wa programu, masoko na fedha, ndani ya kampuni iliyokuwa na mifumo yake tayari. Kampuni yetu ilikuwa na Mama Sura.

Na hapa ndipo hasara ambayo jedwali halijaiponya. Wale vijana wanne wa deklaresheni hawasikii tena majibu ya maswali yasiyo yao. Jumanne na Alhamisi zimesaidia, na Mama Sura kurudi siku zote kumesaidia zaidi, lakini hilo la pili ni bahati. Angeweza kuwa na nyumba tulivu na mama mkwe asiyesafiri. Nilipendekeza saa moja ya kila Alhamisi kuwa ya kupitia mizigo migumu kwa sauti. Imefanyika mara tatu kati ya wiki tisa. Meli ikiingia, saa ile ndiyo ya kwanza kutolewa.

Kuhusu posho, mazungumzo yote yaliyoitwa ya posho kwangu yalikuwa mazungumzo ya gharama kuhama. Umeme, kiti, maji ya kunywa, chumba chenye mlango, vyote hivi kampuni ilikuwa ikivitoa ofisini bila kuviita posho. Mwenye nyumba ya vyumba vitatu alivibeba bila kuhisi. Wa chumba kimoja alivihisi kabla ya mwezi kwisha, na ndiyo maana wa chumba kimoja ndio walioomba kurudi. Faida na hasara za mpango huu ziligawanyika kwa ukubwa wa nyumba ya mtu kuliko kwa cheo chake au bidii yake.

Kisha wale 22. Mpango uliandikwa bila wao kwa sababu kazi yao haiwezi kufanyika nyumbani, na hapo kila mtu aliona hoja imekwisha. Kwao haikuwa imekwisha. Ofisi iliyokuwa na watu 19 wa kumtatulia kijana aliyeko getini sasa ina saba au kumi. Anapiga simu tatu kupata jibu alilokuwa akilipata kwa moja, na anapiga kwa salio lake. Yule aliyekuwa kwenye kontena la pampu alinyanyua mguu akanionyesha soli ya kiatu iliyochongoka upande mmoja. "Wenzetu wanalipwa kwa kukaa," alisema. "Sisi nyumbani kwetu ni getini."

Nilipendekeza posho ya mawasiliano kwa vijana wa bandarini, sawa na ya bando, pamoja na siku moja ya mapumziko ya ziada kila mwezi kwa mzunguko. Mkurugenzi alikubali posho, ya siku akasema atafikiria. Septemba wakamwandikia barua, mistari minne kwa mkono, sahihi 17. Mstari wa mwisho unauliza kama hela ya viatu inaweza kuingizwa kwenye mkataba. Nilipokabidhi ripoti yangu barua hiyo ilikuwa juu ya meza yake, chini ya lile daftari la hesabu, bado haijajibiwa.